Itungati: askari wa kawaida wa Mau Mau, tuwakumbuke kwa kazi walizofanya na siyo kwa vyeo

#1 Kalamu ya Mkaa

Wakuu, salaam nyingi. Kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, ikikaribia majina ni yaleyale: Kimathi, Mathenge, China, Mwariama, Baimungi. Hakuna anayewapunguzia heshima yao. Ila makadirio ya kawaida yanasema mwaka 1953 misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilikuwa na wapiganaji kati ya 12,000 na 15,000. Hao wengine walikuwa wakifanya nini kutwa kucha?

Wakikuyu waliwaita itungati, neno linalotokana na kutumikia. Kabla hatujaenda mbali tuliweke sawa jambo la viapo, maana linachanganya watu. Kiapo cha umoja kililiwa na watu wengi mno, wakiwemo wasiowahi kukanyaga msitu. Kiapo cha mpiganaji ni kingine, batuni, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la kikosi kidogo cha askari. Kwa hiyo mtu akisema marehemu alikula kiapo, bado hajasema kama alipigana.

Agosti 1953 viongozi walikutana Mwathe, ndani ya Nyandarua, wakapanga majeshi kwa maeneo: Ituma Ndemi la Nyeri, Gikuyu Iregi la Murang'a, Kenya Inooro la Kiambu, Mei Mathathi la Mlima Kenya, Mburu Ngebo la Bonde la Ufa. Ukijua mtu alitoka tarafa gani, umeshakaribia kujua alikuwa jeshi gani. Hilo linasaidia kuliko cheo. Vyeo vya msituni vilipanda kama bei ya sukari: kamanda akiuawa wa chini yake anapanda, na kikosi kinaweza kubaki na watu wachache chini ya mtu anayeitwa jenerali. Ukisoma orodha za siku hizi unaweza kudhani majenerali walikuwa wengi kuliko askari.

Ombi langu ni moja. Tusimwage sifa humu. Tuandike kazi: nani alibeba nini, kwa njia ipi, na ilikwama wapi.

#2 Bi Kunde

Naanza na tumbo, maana ndilo lililoamua vita hii kuliko bunduki.

Chukua mbuci moja, yaani kambi ya msituni, yenye watu 100. Wakila nusu kilo tu ya unga au maharage kila mmoja, hizo ni kilo 50 kwa siku. Tuseme mwanamke anabeba kilo 10 ndani ya kiondo, unga chini na mboga juu, ili mzigo uonekane wa mtu anayetoka shambani. Ina maana wanawake watano kila siku, bila Jumapili, na kila mmoja apite mbele ya homugadi, yaani wenyeji waliolinda upande wa serikali, kwenda na kurudi. Hiyo ni mbuci moja. Sasa ziweke kumi kando ya mto mmoja.

Chakula hakikupelekwa hadi kambini. Kiliachwa mahali palipopangwa ukingoni mwa msitu, na itungati wakashuka usiku kukichukua. Aliyeleta hakutakiwa kujua kambi iko wapi, na aliyepokea hakutakiwa kujua kimetoka nyumba gani. Ndiyo maana ya ile sanamu ya ukumbusho iliyozinduliwa Freedom Corner, Uhuru Park, Septemba 12, 2015. Mwanamke anampa mpiganaji chakula na hawatazamani. Ukipita mbio unaweza kudhani mchongaji amekosea. Hajakosea. Uso usiouona huwezi kuutaja ukibanwa.

Serikali ya kikoloni iliielewa hesabu hii vizuri tu. Kuanzia katikati ya 1954 watu walitolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika juu ya matuta, nyumba zikachomwa, wakasongamanishwa katika vijiji vyenye uzio, kituo cha ulinzi na amri ya kutotoka nje. Mwisho wa 1955 vijiji vilikuwa 854 na watu walikuwa zaidi ya milioni moja. Ukanda wa maili moja kando ya msitu ukawa mahali pa kupigwa risasi bila kuulizwa. Upande wa Mlima Kenya likachimbwa handaki la maili 50 hivi, kina futi 10, upana futi 16, na mianzi iliyochongwa ncha ikasimikwa ndani. Waliochimba kwa kulazimishwa wengi ni wanawake walewale wa viondo.

Hesabu ya kilo 50 ikafa hapo. Mbuci ya watu 100 hailishiki tena. Kuanzia 1955 unasikia makundi ya watu watano, kumi, yakiishi kwa asali, mitego na ng'ombe wa kuiba. Vitabu vingi vinasimulia hiyo kama habari ya mbinu za kijeshi. Mimi naiona ni habari ya unga.

#3 Bomba Nusu

Bi Kunde umemaliza, naongezea silaha. Mtandaoni kuna picha nyingi za "bunduki ya Mau Mau" zenye maelezo ya kubahatisha.

Mtutu ni kipande cha bomba la maji. Kitako ni mti. Nyuma inafungwa na komeo la kawaida la mlango, na nguvu ya kugonga inatoka kwenye ukanda wa mpira wa tyubu ya gari. Ni kazi ya wahunzi wenye ustadi wa chuma wa vizazi vingi pamoja na mafundi waliotoka karakana za Nairobi. Kwa macho inapendeza. Kwa kazi ilikuwa na kasoro ambazo hakuna fundi angeweza kuziondoa msituni.

Risasi ya .303 ina kichwa cha upana wa milimita 7.9 hivi, lakini ganda lake nyuma linakaribia milimita 12. Bomba linalopokea ganda ni pana mno kwa kichwa. Gesi inapenya pembeni, kichwa kinatoka kikipinduka hewani, na hakuna mifereji ndani ya mtutu ya kukizungusha kiende sawa. Ndiyo maana mwenye silaha hiyo alilazimika kumsogelea adui hatua chache tu, huku adui ana bunduki inayofika mbali. Bomba la maji halikutengenezwa kuzuia mshindo huo, na likipasuka linapasukia usoni na mikononi mwa aliyelishika. Mpira nao hukakamaa kwa baridi ya mlimani, unagonga kinyonge, risasi inakataa kulia.

Hili linawahusu wanaoandika kumbukumbu. Ukikuta kovu la kiganja au vidole pungufu, usikimbilie kuandika "mateso ya kizuizini". Uliza kwanza alibeba silaha gani.

Silaha za kiwandani zilikuwa chache, na ndiyo maana shambulio la kituo cha polisi cha Naivasha usiku wa Machi 26, 1953 linakumbukwa sana: shabaha ilikuwa ghala la silaha, na wafungwa 173 wakafunguliwa. Usiku huohuo ndio wa mauaji ya Lari. Itungati wengi walikwenda na panga au sime. Jumba la makumbusho linaloweka .303 moja inayong'aa kwenye kabati la kioo linapotosha. Liweke panga kumi na bomba moja lililopasuka.

#4 Kijana wa Tabora

Shukrani wakuu, hizi ni nondo. Maswali mawili. Ni kweli wengi wa itungati walikuwa maaskari waliorudi kutoka Burma? Na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni) kutoka kwetu Tanganyika waliopelekwa huko, tunawaweka wapi katika kumbukumbu hii?

#5 Kalamu ya Mkaa

La Burma limekuzwa. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alipigana Burma kweli akiwa KAR. Kimathi aliingia jeshini mwaka 1940 kwa muda mfupi na hakufika Burma. Itungati wengi walikuwa vijana: watoto wa maskwota waliofukuzwa mashamba ya walowezi Bonde la Ufa, vibarua wa Nairobi, wasio na ardhi kwao. Mtu wa miaka 20 mwaka 1953 alikuwa na miaka 12 vita vya dunia vilipokwisha. Wachache waliorudi kutoka vita hivyo walileta utaratibu: zamu za ulinzi, vyeo, ukaguzi, namna ya kupanga shambulio.

La pili, ndiyo. Batalioni za 6 na 26 za KAR zilikuwa za Tanganyika. Ya 4 ilikuwa ya Uganda, na Idi Amin alikuwemo. Waandikwe, ila katika daftari lao, kwa sababu mshahara wao, kumbukumbu zao na makaburi yao viko kwenye mkondo mwingine kabisa wa karatasi. Homugadi vilevile. Wapo pia waliokuwa homugadi mchana na kupitisha risasi usiku. Huyo aandikwe mara mbili, na msomaji aachwe aone.

#6 Mlango wa Mianzi

Watu husema "walikaa msituni" kana kwamba msitu ni kitu kimoja. Nyandarua ina ngazi. Chini kuna msitu wa miti mchanganyiko. Kuanzia kama mita 2,400 kuna mianzi, inafika karibu 3,000. Juu yake ni nyika ya nyasi na baridi, na kilele cha Lesatima kiko mita 4,001. Chini kuna chakula na kuna doria. Juu kuna usalama na hakuna cha kula, na usiku maji huganda. Mianzi ndiyo iliyokuwa nyumba: unajengea, unatekea maji, unatandikia, unajificha.

Nao una adabu zake. Mwanzi mkavu huwaka kwa moshi mdogo, jambo jema, lakini pingili iliyofungwa ikipata moto hewa ya ndani hutanuka na hupasuka kwa mlio wa bunduki. Mpishi aliyesahau kupasua pingili kabla ya kuwasha aliita doria mwenyewe. Na ukiukata mwanzi mbichi, kisiki cheupe kinaonekana kwa mbali kwa siku kadhaa, kwa hiyo kisiki hupakwa tope.

Nyayo ni kazi kamili ya mtu, siyo ya ziada. Kwenye tope walivuka wakitembea kinyumenyume. Pengine walikanyaga mizizi na majani magumu, na wa mwisho aliinua majani yaliyolala. Kosa la kawaida ni kundi kubwa: watu watano wanaweza kufuta njia yao, watu hamsini hawawezi hata wakitaka.

Harufu je? Aliyekaa miezi bila sabuni aliinusa sabuni, sigara na mafuta ya bunduki ya doria kabla ya kuiona. Serikali ililijua hilo baadaye. Makundi bandia, yaani waliotekwa wakageuzwa na kurudishwa msituni chini ya maofisa kama Ian Henderson, yalilazimika kuacha sabuni na kuvaa matambara yaleyale. Nguo zilipokwisha itungati walishona ngozi za wanyama. Wale unaowaona kwenye picha wamevaa ngozi na nywele ndefu ni watu wa miaka ya mwisho. Waliingia msituni na makoti.

Kisha wanyama. Ndege za Lincoln zilitoka Eastleigh na mabomu makubwa, Harvard ndogo zikatoka uwanja wa Mweiga na mabomu ya ratili 20. Msitu mnene ulimeza milipuko mingi, lakini kifaru, tembo na nyati waliojeruhiwa wakawa wakali kupita kiasi. Mtu aliyeuawa na nyati akienda kuteka maji hakuingia kwenye hesabu ya upande wowote. Sehemu ya wale tunaowaita "waliopotea" ni hao.

#7 Mama Wawili

Mtu anayetafuta jina la marehemu aliyepigana, bila karatasi yoyote nyumbani, aanzie wapi?

#8 Jalada la Vumbi

Aanzie pale alipokamatwa, siyo pale alipopigana. Mwathe waliagiza vikosi viweke madaftari, na makarani wa msituni waliandika kweli. Lakini daftari likitekwa ni ushahidi mikononi mwa adui, kwa hiyo mengi yalifukiwa au kuchomwa. Aliyeandika zaidi ni mkoloni, na aliandika kila mara alipomtia mtu mkononi.

Kabla ya kwenda popote kusanya vitu hivi: jina lake na la baba yake, lokesheni na jina la chifu wa wakati huo, riika lake (rika la tohara), mbari yake (ukoo), nambari ya kipande (kitambulisho cha kikoloni) kama imebaki. Jina peke yake halitoshi kabisa. Wakikuyu huwapa watoto majina ya babu na bibi, kwa hiyo lokesheni moja inaweza kuwa na akina Mwangi wa Kamau kumi na wasiwe ndugu. Karani wa kizungu ameandika "Mwangi s/o Kamau", na leo anaweza kuwa Muangi, kesho Mwange. Tafuta tahajia zote. Jina la msituni liandike pembeni, halisaidii kwenye faili ila litakusaidia kwa wazee. Na kumbuka majina ya mahali: Murang'a ni Fort Hall, na lokesheni zake zilikuwa za nambari. Nyahururu ni Thomson's Falls.

Nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Mfululizo wa JZ ni wa Idara ya Magereza. AB una habari za kile walichokiita urekebishaji wa waliozuiliwa. DC/FH na DC/NYI ni faili za wakuu wa wilaya za Fort Hall na Nyeri. MLA ndipo zilipo kesi za hukumu ya kifo. Hii ya mwisho usiipuuze. Watu 1,090 walinyongwa, na kwa kila kesi kuna mashahidi, mahali, saa na silaha. Ni moja ya sehemu chache ambako utamsikia gitungati (mmoja wa itungati) wa kawaida akijieleza, japo kupitia mkalimani na mbele ya hakimu. Utaona pia kwamba wengi hawakunyongwa kwa kuua. Walipatikana na silaha au risasi, au walikutwa pamoja na wapiganaji.

Kama hakushtakiwa, alizuiliwa. Jifunze herufi. GDO ni amri ya kuzuiliwa iliyotolewa na Gavana. DDO ni ile iliyotolewa na maofisa waliokasimiwa mamlaka. Kisha kila mtu alipewa daraja: "weusi", yaani sugu, ni Z, "kijivu", yaani wa katikati, ni Y, na ndani yake kuna Z1, Z2, Y1, Y2. Daraja liliamua njia. Aliyelainika alishushwa kutoka kambi kubwa kama Manyani au Mackinnon Road hadi kambi za kazi karibu na kwao, mathalani zile za Mwea, kisha kijijini. Aliyegoma alipelekwa mbali: Lodwar, kisiwa cha Mageta ndani ya Ziwa Victoria, Hola. Kwa hiyo familia ikisema "alikuwa Manyani, akaenda Mageta, akamalizia Mwea", hiyo siyo hadithi ya kuzungukazunguka. Umesomewa faili lake: aligoma, kisha baadaye akashushwa daraja.

Uingereza, Hifadhi ya Taifa ya Kew, tazama CO 822, WO 276 na zaidi ya yote FCO 141. Hizo za mwisho ni faili zilizosafirishwa kwa siri kabla ya uhuru na kufichwa Hanslope Park, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozitoa mwaka 2011. Nyingine nyingi zilichomwa Kenya kwa amri, kwa hiyo usishangae ukikuta nambari ya faili inatajwa na faili lenyewe halipo.

Sasa onyo. Karatasi inadanganya. Machi 3, 1959 kule Hola watu 11 waliuawa kwa kupigwa virungu walipokataa kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Maji! Ukikuta kwenye faili "alipigwa risasi akijaribu kutoroka", kumbuka Hola, kisha tafuta shahidi mwingine. Hata ile hesabu rasmi ya Mau Mau 11,503 waliouawa na vikosi vya serikali inasema tu nani serikali ilimwita Mau Mau baada ya kufa.

#9 Kijana wa Tabora

Mkuu Jalada, si kuna ile orodha ya watu 5,228 waliolipwa na Uingereza? Hiyo si ndiyo orodha ya wapiganaji?

#10 Jalada la Vumbi

Siyo, na hili linakosewa kila mwaka. Makubaliano ya Juni 2013 ya pauni milioni 19.9, gharama zikiwemo, yalihusu watu 5,228 waliokubaliwa kwamba waliteswa. Kigezo kilikuwa mateso, na uwe hai wakati ule. Kuna aliyepigana miaka mitatu bila kukamatwa, hayumo. Kuna mama aliyeteswa bila kuingia msituni, yumo. Na waliokufa kabla, ndio wengi, hawamo. Kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilitupwa London mwaka 2018, sehemu kwa sababu muda umepita mno. Hiyo nayo siyo daftari la jeshi.

Kumbuka pia Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950 na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2003. Miaka 40 ya uhuru, chama cha wapiganaji chenye jina hilo hakingeweza kuandikishwa kisheria. Chama ndicho huweka kadi za wanachama, na kadi ndizo ambazo hatuna.

#11 Bi Kunde

Kwa hiyo waliobaki ni walio hai, na hao muda hautoshi. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1953 alizaliwa 1935. Naandika namna ya kuwahoji maana ndipo kazi nyingi huharibikia.

Nenda asubuhi, dakika 40 tu, urudi kesho. Rekodi kwa vifaa viwili, kimoja karibu na mdomo, kwa sababu sauti ya mzee hushuka mwishoni mwa sentensi, na mwishoni ndiko majina yaliko. Mwache aongee Gikuyu, Kimeru au Kiembu. Ukimlazimisha Kiswahili atakupa muhtasari. Umwite guka (babu) au cucu (bibi), usimwite shujaa. Ukimwita shujaa atakuhutubia.

Usianze na "ulikuwa cheo gani" wala "tueleze kuhusu vita". Anza na njia. Mlitoka mto gani? Mlivukia wapi? Nani alikuwa mbele? Kiondo kilikuwa na nini? Mlilala mmeelekea upande gani? Mguu hukumbuka kilichosahauliwa na kichwa. Tarehe usiulize, uliza kabla au baada: kabla ya Lari au baada, kabla ya watu wa Nairobi kusombwa (hiyo ni Operesheni Anvil, Aprili 24, 1954), kabla ya kuhamia kijijini au baada, handaki lilikuwa limeshachimbwa? Ukipata majibu matatu ya namna hiyo umeshapata mwaka.

Kinachoharibu: kwanza, ukumbini. Ukiwahoji wazee watano pamoja, utapata hadithi moja ya yule mwenye sauti kubwa. Pili, wengi wameshahojiwa kwa ajili ya madai, na masimulizi yamenyooshwa yatoshe fomu. Akifika kwenye mateso na maneno yakawa laini kama yaliyokaririwa, mrudishe taratibu kwenye njia na chakula. Tatu, wake. Mume anahojiwa sebuleni, mke anapika chai jikoni, kumbe yeye ndiye aliyekuwa na kiondo. Hoji jikoni.

Na suala la gakunia, wale wasaliti waliovalishwa gunia lenye matundu ya macho wakanyoosha kidole kwenye misururu ya watu. Jina likitajwa, lihifadhi kwenye rekodi iliyofungwa, usilipeleke mtandaoni. Wajukuu wa pande zote mbili wanachota maji mto mmoja.

#12 Bomba Nusu

Niongeze alama zilizo wazi ambazo watu huzipita kila siku. Uwanja wa ndege wa Embakasi, mfereji wa Yatta, mifereji ya mpunga ya Mwea: vyote vina jasho la waliozuiliwa. Hakuna kibao kinachotosha. Anayepanga ziara ya Mashujaa kwa wanafunzi asiishie Kimathi Street kwenye sanamu. Awapeleke Mwea, awape kipimo cha mfereji, wakokotoe wenyewe ni mita ngapi za ujazo za udongo kwa jembe.

#13 Mama Wawili

Kijiji kikitaka kuweka jiwe la majina, liandikwe vipi lisilete ugomvi?

#14 Kalamu ya Mkaa

Ugomvi huja kwa vyeo na kwa mpangilio. Toa vyeo vyote. Panga kwa mto au tuta, kisha kwa alfabeti, siyo kwa nani alitoa mchango. Jina litahajiwe kama familia inavyolitamka, na kama faili limeliandika tofauti, weka tahajia ya faili kwa herufi ndogo chini yake ili mtafiti aunganishe. Kando ya jina weka kazi kwa maneno mawili matatu: alibeba unga, alifua mitutu, alifuta njia, alitibu, karani. Wanawake wasitengewe sehemu yao pembeni. Waingie kwenye mto wao kama wengine.

Kila jina lipate mashahidi wawili wasio wa nyumba moja, na karatasi ya ushahidi ikae na mwalimu au kanisa, siyo na chifu.

Herufi zichongwe, zisipakwe rangi tu, mvua za huko zinafuta rangi haraka. Mistari ya chini kabisa hupigwa na maji yanayoruka kutoka ardhini, kwa hiyo inua jiwe futi moja juu ya msingi. Na theluthi ya jiwe iachwe tupu, maana wiki moja baada ya uzinduzi watakuja watu na majina.